Ua wa Mjane Lunsford

Kwa miaka ishirini Jaji Pruitt alikuwa ameitumikia Tennessee, kwanza bungeni, kisha mahakamani, na hakuna aliyewahi kumwona akisita kusoma hukumu. Siku hiyo alisita. Nguruwe wa jirani walikuwa wamefagia mahindi yote ya mjane Keziah Lunsford, lakini sheria ilimtaka mkulima azungushie shamba lake ua wa futi tano, na ua wa Keziah ulikuwa wa futi nne.

"Madai yako yametupwa, mama," akasema.

"Sheria gani hiyo!" Keziah akafoka. "Aliyeitunga hajawahi kulima hata kitunguu!"

Watu wakainamisha nyuso, wakibana vicheko.

"Niliitunga mimi," jaji akasema taratibu.

"Najua. Kwani ulidhani namsema nani?"

Jumamosi asubuhi Keziah aliamshwa na mlio wa shoka. Jaji alikuwa shambani kwake, koti amelitundika kwenye nguzo, jasho linamchuruzika, akiuongezea ua mbao. Keziah alimwacha mpaka amalize. Kisha akatoka na kikombe cha kahawa na kamba ya kupimia, akapima.

"Bado inchi mbili, Mheshimiwa," akasema. "Kahawa itakusubiri."