Aliyekuja Kusindikiza

1.
TANGAZO
Upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula si wa urembo. Unamfaa mtu ambaye unene umeshamletea maradhi, naye amejaribu njia nyingine zikashindikana. Baada yake kuna kula kidogo kidogo, vitamini na kliniki, maisha yote.
Msindikizaji awe mmoja tu.

2.
Msindikizaji alikuwa Tunu Mbaruku, mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na mitatu. Aliyetaka upasuaji ni mdogo wake, Salha. Harusi yake ilikuwa imebaki miezi mitatu na gauni halifungi mgongoni.

3.
(Kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari.)
"Dada, amka. Unakoroma, watu wanatazama."
"Nimefumba macho tu."

4.
Salha: kilo sabini na tisa. Sukari hana. Presha hana.
Daktari Kimweri akafunga faili. "Hapana, binti. Gauni mpelekee fundi aliongeze."
Salha akafungua mdomo aseme kwamba—
Daktari alikuwa ameshamgeukia Tunu.
"Na wewe, Mwalimu? Nimepita pale nje umelala. Pumzi ilikukatika mpaka nikasimama."
"Mimi nimesindikiza."
"Panda mizani hata hivyo."

5.
112.

6.
Sukari? — Mwaka wa sita.
Dawa? — Zilikuwa mbili, sasa tatu.
Umejaribu kupungua?
(Wewe unayesoma, ungeanzia wapi kujibu?) Alianzia kwenye maji ya ndimu, akaja mbio za asubuhi, akaja mwaka mzima bila ugali: kilo kumi na nne zilitoka, zikarudi kumi na sita.
Unaamka umechoka?
— Kila siku.

7.
"Basi huduma hii inakufaa wewe," daktari alisema. "Sikulazimishi. Vipimo kwanza, na mtaalamu wa lishe. Hatari zipo: mshono kuvuja, damu, wachache hufariki. Lakini hata kubaki hivi ulivyo ni hatari."

Kwamba ni mnene Tunu aliambiwa tangu darasa la tatu, na kila mtu. Kwamba kwa unene huohuo ni mgonjwa

mgonjwa

hakuna aliyewahi kumwambia.

"Nakusikia ukikatika pumzi miaka yote," Salha alisema, sauti chini. "Nilidhani ndivyo ulivyo, Dada."

8.
FOMU
Jina la mgonjwa: ....................
Ndugu wa kuarifiwa: ....................

Tunu alishika kalamu. Kisha akaruka mstari wa kwanza, akaanza na wa pili.

Salha Mbaruku, aliandika, kwa mwandiko wa ubaoni.

Halafu akapandisha kalamu juu, kwenye mstari wa kwanza, na kuandika jina lake.