Kengele Tatu kwa Mama Mshonaji

…na naapa, anayetaka kubisha abishe, hapa hakuna chumvi hata punje, Kengele hajawahi kupeleka barua nyumba siyo, miaka ishirini na mbili, vilima kumi na saba kila siku, mbwa wa njia nzima wanampisha kwa adabu, na leo huyo huyo amesimama kwenye kizingiti cha mama mshonaji, bahasha mkononi, jasho linamtiririka kama kamwagiwa ndoo, na ndani mama anapekua kikapu cha vitambaa akitafuta mkasi wa kuifungulia, ngoja baba, ulikuwa hapa hapa, naye anamjibu tafuta tu mama, sina haraka, huku moyoni anaomba upotee mpaka kiama, ingawa ameshauona, pale juu ya cherehani, chini ya foronya, pete zake mbili zinachungulia… kwa sababu Kengele hajui kusoma. Ndiyo. Hata jina lake. Asubuhi bwana posta humpangia barua kwa kufuata njia, humtajia mwenyewe wa kila moja mara moja tu, na mara moja inamtosha, kichwa kile, wasomi wangepanga foleni kukiazima, kisha huyo, juu ya baiskeli, kengele tatu kwa mwenye barua, moja kwa asiye nayo, ili naye asijione kasahauliwa, hiyo moja kaibuni mwenyewe, hakufundishwa na mtu… lakini mwandiko huu, umelala upande kama nyasi kwenye upepo, anaujua, ni wa binti wa mama mshonaji, aliyeondoka kwa ugomvi, na mara ya mwisho ulipofika, miaka mitatu sasa, mama alisema macho yangu yameingia ukungu, nisomee wewe, na Kengele, badala ya kusema sijui kusoma, mama, maneno matatu tu, akakohoa, akaishika karatasi kama hakimu, akasoma. Akasoma nini! Kwamba binti hajambo, kanenepa, anaomba msamaha, atakuja mvua zikikatika. Mama akalia, akacheka, akashona foronya mpya za kumpokelea. Mvua zikakatika. Zikarudi. Zikakatika tena… na foronya ndizo zile, zimekunjwa vilevile, na kila akipita na kengele yake moja mama hutoka na kikombe cha maji, kunywa baba, jua kali, naye hunywa bila kumtazama usoni, maana nani ajuaye ile barua ilisema nini, pengine binti alikuwa anaumwa, pengine alitaka kuitwa tu, aitwe aje, na yeye kwa huu mdomo wake… basi leo anasema, potelea mbali, acha kijiji kizima kimcheke, acha mke wake ajue kwamba lile gazeti la kila jioni huwa anatazama picha… Mama, anaanza, mimi ile barua ya kwanza… na mama, kichwa bado kikapuni, anamkata polepole, kama anayeulizia uzi.

"Ile najua, mwanangu. Mwuguzi wa hapo jirani alinisomea wiki ile ile."

Wiki ile ile! Na maji yote yale, miaka mitatu ya vikombe… kumbe binti aliandika asisubiriwe, mama anasema, aliandika kwamba yeye hana mama. "Yako ilikuwa nzuri zaidi. Foronya nilizimalizia kwa hiyo yako." Na leo pia, anasema, aanze yeye Kengele, apate nguvu kidogo, halafu ndiyo wamwite mwuguzi… na Kengele, aliyewahi kumfukuza chui kwa pampu ya baiskeli, wawili, tuseme chui wawili, anaigeuza bahasha, juu, chini, anaitazama ile mistari iliyolala upande, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hataki kusema kitu, anataka kujua, kujua tu, yule mtoto kaandika nini hasa… mama bado kainama, mkono bado unapapasa vitambaa, bahasha bado imefungwa.

"Mkasi uko chini ya foronya, mama. Tumwite mwuguzi kwanza. Ikiuma, yangu ninayo hapa kichwani."

Na haya, tafadhalini, yaishie hapa hapa, hasa yasipande kilima mpaka kwa bwana posta.