Benchi la Wenye Chupa

Mama Birika alikuwa mpishi wa kiwanda cha dobi kwa mwaka wa tisa sasa, na kila mtu pale alimjua. Ukimwambia jambo mara moja, atalifanya au atalikataa. Kumwambia mara ya pili ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo siku alipotoka hospitali amemshika mkono dada yake mkubwa, mpiga pasi wa kiwanda hicho hicho, alikuwa ameshaamua hata kabla hawajavuka barabara.

Daktari hakuwa amezunguka mbuyu. Alikifungua kidonda cha kidole gumba cha mguu, akakitazama, akauliza kina muda gani. Miezi miwili, wakamwambia. Akauliza anakunywa soda ngapi.

"Moja moja tu," dada yake akajibu.

Mama Birika alimkata jicho. "Moja moja mara nne kwa siku, daktari. Naijua idadi yake kwa sababu mimi ndiye ninayemfungulia."

"Zikome leo," daktari akasema. "Mrudi baada ya wiki tatu. Nikikuta sukari imeshuka na kidonda kimeanza kufunga, tutaendelea kukitibu. Nikikuta hali ni ile ile, mama, itabidi tuzungumze habari ya kukikata hicho kidole."

Basi hilo ndilo lililomchoma Mama Birika njia nzima. Si sukari, si daktari. Ni kile kifungulio cha soda alichokifunga kwa kamba kwenye aproni yake, na mkono wake mwenyewe uliokuwa ukikitumia. Dada aliyemlea, aliyemsuka nywele, aliyemwachia nafasi ya shule, ndiye ambaye yeye alikuwa akimhudumia sumu na kumwambia karibu tena. Alijiona mjinga, akajikasirikia, na Mama Birika akijikasirikia hakai na hasira hiyo kwa muda mrefu. Huitafutia kazi ya kufanya.

Kesho yake asubuhi, kabla boila haijapata moto, alitoa kreti zote za soda kwenye friji ya kantini akazipanga nje kwa mwenye gari azirudishe zilikotoka. Akaosha friji kwa maji na siki. Akaponda tangawizi, akakamua ndimu, akachanganya na maji yaliyochemshwa na kupozwa, akajaza majagi sita. Sukari hata chembe. Pembeni akapanga vikombe vya plastiki vilivyong'aa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Povu, fundi wa mashine za kufulia, mtu wa maneno mengi kuliko sabuni yake. Akafungua friji, akaifunga, akaifungua tena.

"Mama Birika, kuna msiba? Mbona friji inatisha hivi?"

"Msiba ni wa meno yako. Kunywa hiyo."

Povu akanywa, akakunja uso, akanywa tena. "Aisee! Hii inapita mpaka kwenye visigino."

"Na bei ya chupa moja ya soda inanunua tangawizi na ndimu za majagi mawili. Chumba kizima cha pasi kinakunywa, na cha kubaki kinabaki. Nani mwerevu hapo?"

Wote walionja, wote walisifu. Mama Birika akarudi kwenye sufuria zake kifua mbele. Kumbe mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye siku hiyo alikuwa amesifiwa mno. Ilipofika saa nne, akachungulia dirishani, akaona msururu wa watu wa kiwandani unavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha soda, na kila mmoja anarudi na chupa ya soda mkononi. Nyuma kabisa, akichechemea kwa sababu ya kidole kile, alikuwa dada yake.

Siku ya pili alibadilisha, akaleta chai ya mchaichai iliyopozwa hadi jagi likatoa jasho. Siku ya tatu akaleta maji ya matango na mnanaa. Rosela nayo aliipenda sana, lakini kinywaji chekundu kwenye nyumba ya mashuka meupe ni kujitafutia kufukuzwa, akaiacha nyumbani. Kila asubuhi walisifu. Kila saa nne walivuka barabara.

Siku ya tatu hiyo alimvuta dada yake stoo ya unga, akafunga mlango.

"Dada, hicho kidole ni changu au ni chako?"

"Usinipandishie sauti, mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni mimi."

"Ndiyo maana napandisha! Nyumbani unakunywa maji kama kila mtu, wala huhitaji soda. Hapa una nini? Uchu wa saa nne?"

Dada yake, ambaye kiwanda kizima kilimwita Dada Pasi, hakuwa mtu wa ugomvi. Alikaa juu ya gunia, akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza Mama Birika akaona jinsi ilivyovimba mpaka ngozi ya kifundo cha mguu inang'aa.

"Tangawizi yako ni tamu," Dada Pasi akasema. "Mchaichai wako ni mtamu. Siyo utamu, mwenzangu. Kesho funga jiko saa mbili, njoo usimame mezani kwangu mpaka saa tano. Halafu uniulize tena swali lako."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama Birika alipika maharagwe alfajiri, akafunga jiko saa mbili, akaenda.

Hakuwahi kukaa ndani ya chumba cha pasi zaidi ya dakika tano za kupeleka chakula. Ni chumba kirefu chenye bati juu, na katikati yake kuna pasi kubwa ya rola, ndefu kuliko kitanda, inayotema mvuke pande zote mbili. Shuka linaingizwa likiwa bichi upande mmoja, linatoka kavu upande wa pili, na huko lazima awepo mtu wa kulipokea, kulikunja mara nne, kulipanga, na kugeuka kulipokea lingine. Rola haingoji. Kazi inaanza saa moja asubuhi, mapumziko rasmi ni saa sita mchana peke yake, na wakati wote huo umesimama juu ya sakafu ya saruji.

Saa tatu na nusu mgongo wa Mama Birika ulikuwa umeanza kumtukana. Akajimiminia kikombe cha tangawizi yake, akasogea ukutani, akakiinua. Hakijafika mdomoni, filimbi ikalia.

Mwenye filimbi alikuwa msimamizi wa zamu, na jina lake pale lilikuwa hilo hilo, Filimbi. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu anayeogopa kuchelewesha mzigo, na hofu hiyo aliipuliza kutwa nzima.

"Wewe mwenye kikombe! Mashuka ya hospitali hayo, yanakupita!"

Mama Birika akaweka kikombe, akakimbilia shuka. Baada ya robo saa akajaribu tena. Filimbi ikalia tena. Mara ya tatu akameza nusu kikombe kwa mkupuo, kikampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka huku anakunja foronya.

Ndipo akamwona Povu. Povu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, chupa mkononi, miguu ameinyoosha kama bwana harusi. Filimbi akapita mbele yake, karibu ajikwae kwenye hiyo miguu, akaendelea na safari yake bila kupuliza.

"Huyu mbona haitwi?" Mama Birika akauliza.

"Ana chupa," Dada Pasi akajibu bila kuinua macho kwenye rola.

"Na mimi nina kikombe!"

"Kikombe siyo chupa."

Akamweleza huku mikono ikiendelea kukunja. Zamani, kabla Mama Birika hajaajiriwa, fundi mmoja aliitwa akiwa katikati ya soda yake. Akaiacha chupa juu ya kigari cha mashuka, ikaanguka, ikavunjika, na vipande vikaondoka ndani ya mashuka mpaka kitandani kwa mgonjwa. Mgonjwa akakatwa mgongo. Mwenye kiwanda akatoa amri: mwenye chupa akae benchini, asiitwe, asiguswe, mpaka airudishe kwenye kreti. Tangu siku hiyo, mtu akizidiwa na miguu hukimbia kununua soda, maana kuifuata hakukatazwi. Anainywa taratibu, tone kwa tone, na hata ikiisha anaishikilia kidogo.

"Nisipokuwa na chupa sikai," Dada Pasi akasema. "Nne kwa siku, mdogo wangu. Nakaa mara nne."

Mama Birika alisimama pale na foronya mkononi, na aibu ikamshika. Miaka tisa alidhani anauza soda, kumbe alikuwa anauza kiti. Na siku tatu nzima alikuwa akiongeza tangawizi na kupunguza ndimu, anahangaika na ulimi wa watu, wakati shida ya watu iko miguuni.

Lakini aibu nayo hakuipa nafasi ya kulala. Kesho yake alikuja na kikapu kizito kilicholia kwa kila hatua. Ndani yake kulikuwa na bilauri zote za kabatini kwake, zile za wageni, ambazo mume wake hajawahi kuruhusiwa hata kuzipangusa vumbi, na juu yake machupa matupu ya jemu aliyookota kwa majirani. Saa nne kamili akazijaza maji ya tangawizi, akazipanga kwenye sinia, akaingia nazo chumba cha pasi.

"Karibuni," akasema. "Kioo hicho. Sheria ya kioo mnaijua kuliko mimi."

Ilichukua muda kidogo waelewe. Kisha Povu akacheka kicheko cha kupasua bati, akachukua bilauri, akakaa. Hakukuwa na aliyevuka barabara siku hiyo. Wanawake wa kukunja walikaa kwa zamu, watatu watatu, rola ikipunguzwa mwendo, na Dada Pasi akakaa wa kwanza.

Siku mbili mambo yakawa shwari. Siku ya tatu Filimbi, ambaye hakuwa mjinga, aliwatazama, akatoka, akarudi na katoni ya vikombe vya plastiki kifuani.

"Nimeelewa mchezo wenu," akasema. "Kioo marufuku humu kuanzia sasa, chupa na bilauri vyote. Mimineni kwenye plastiki, mnywe mkiwa mmesimama. Mzigo wa hoteli unaondoka saa sita."

Watu wote wakamgeukia Mama Birika. Naye alikuwa tayari, maneno yamepanga foleni mdomoni, na yalikuwa makali. Hakupata nafasi ya kuyatoa. Dada yake alimnyooshea bilauri, akampokeza. Kisha akaweka mikono mitupu juu ya magoti. Hakusimama.

"Dada Pasi," Filimbi akasema, "usiniletee mgomo hapa."

"Mgomo wa nini, mwanangu? Nimekaa tu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kuomba chumvi. "Sina chupa, sina bilauri, tusidanganyane. Nimekaa kwa sababu miguu inaniuma. Ninapumzika dakika kumi. Zikiisha nasimama, na mashuka yako yatatoka saa sita, kama yanavyotoka miaka kumi na minne mimi nikiwa mezani."

Filimbi akapuliza. Ilikuwa filimbi ndefu, na ilipokwisha, rola peke yake ndiyo iliyosikika. Povu akaweka bilauri yake chini, naye akabaki amekaa mikono mitupu. Kisha mwanamke wa foronya. Kisha mwingine. Mama Birika aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini zaidi alikuwa na fahari, fahari ya kutaka kupiga vigelegele mbele ya msimamizi wa watu.

Filimbi alitazama saa ya ukutani. Akatazama mzigo. Mwisho akatazama mguu wa Dada Pasi, kiatu kimekatwa mbele kumpisha kidole chenye bendeji, na akautazama kwa muda mrefu kama mtu aliyekuwa akiupita kila siku bila kuuona.

"Dakika kumi," akasema.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Kumi, siyo kumi na moja."

"Na wewe kaa, mkubwa," Mama Birika akamwambia, akijaza kimoja cha vikombe vyake vya plastiki. "Koo limekukauka kwa kupuliza."

Hakukaa. Lakini alikinywa chote, na alipomaliza akakirudisha kwenye sinia. Dakika ya kumi ilipofika Dada Pasi alisimama mwenyewe, na mzigo wa hoteli ukaondoka saa sita kasoro tano. Kesho yake akakaa tena dakika zake kumi, na keshokutwa pia, na filimbi haikulia.

Wiki ya tatu ilipotimia, daktari alifungua bendeji, akabonyeza pembeni mwa kidonda, akasoma karatasi ya sukari mara mbili. Kidonda kilikuwa kinafunga. Habari ya kisu hakuigusa tena. Akaweka karatasi chini, akamtazama Dada Pasi kwa hamu ya kweli.

"Wagonjwa wangu wengi soda inawashinda, mama. Wewe umeiachaje?"

Dada Pasi aliutazama mguu wake. "Nilipewa nafasi ya kukaa," akasema.

Daktari akaandika kitu, akasita, akamgeukia Mama Birika kama anayeomba ufafanuzi. Mama Birika alikuwa analia, na hakujisumbua kujificha.

"Andika hivyo hivyo, daktari," akamwambia. "Andika kama alivyosema."