Mkanda wa Ziada

Nidia alichokiona kwanza ni kofia. Kofia nyekundu, mpya, kwenye kiti cha mbele cha gari la Edelmira, kiti ambacho kwa miaka mingi hakukikalia mtu ila yeye. Aliyeivaa ni Rosana, mwalimu mstaafu aliyehamia mji wao mdogo wa Curacautín kutoka Temuco, ambaye Edelmira alikuwa hachoki kumtaja tangu theluji ianze kuanguka.

"Panda nyuma leo, shoga," Edelmira alisema. "Mwalimu akikaa nyuma anatapika."

"Si mara zote," Rosana akasema. "Ila zile kona za mtoni siziwezi."

Nidia akajibana nyuma pamoja na fimbo na viatu vya theluji, vile vipana kama nyungo. Mpaka langoni mwa hifadhi alikuwa akitazama visogo viwili vinavyoinamiana kila baada ya kicheko.

Yeye na Edelmira walianza kazi siku ileile kwenye tanuri la mikate, wakiwa wasichana, na kila majira ya baridi walipopata Jumapili yao walikwenda kutembea kwenye theluji ya hifadhi. Mume wa Edelmira alipomwacha, machozi yake aliyamwaga huko, chini ya miaraukaria, ile miti mirefu ya huko yenye majani ya miba, na Nidia ndiye aliyemsikiliza. Hakuna mwingine aliyewahi kualikwa.

"Mwalimu, hebu tangulia wewe," Edelmira alisema walipoanza kupanda. "Ukanyage njia, uone utamu wake."

Anayekanyaga njia siku zote ni Nidia. Leo akawa wa mwisho. Rosana alikwenda kwa madaha, akisimama kila mara kuusifia mti huu na ule kana kwamba ndio kwanza umeota. Walipopumzika, Edelmira alitia maji ya moto kwenye kibuyu cha chai chungu, akaufuta mrija wa kunywea, akampa Rosana kwanza. Kisha wakala maandazi ya boga huku Rosana akisimulia habari ya mkaguzi wa shule aliyekaa kwenye kiti kibovu mbele ya darasa zima. Edelmira alicheka mpaka akalowa macho.

Nidia alikuwa na habari yake. Binti yake Yanet alikuwa na mimba, na wiki nzima alikuwa ameifungia habari hiyo kifuani ili amwambie Edelmira huku juu, wawili tu. Akaimeza pamoja na andazi.

Hawakufika mbali, mkanda wa kiatu cha theluji cha Rosana ukakatika. Rosana akauinua, umening'inia kama utumbo wa kuku.

"Sasa?" akauliza.

Nidia alikuwa na mkanda wa ziada kwenye mfuko wa begi lake. Hakuna mwaka aliopanda bila kuubeba. Mkono wake ukafika mpaka kwenye zipu, ukatulia hapo.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Bila mkanda huendi popote. Rudi kwa askari wa hifadhi, ana jiko la moto. Utatusubiri."

"Arudi peke yake?" Edelmira akauliza.

"Afuate tu njia tuliyokanyaga. Kwani ni mtoto?"

Edelmira alimtazama kidogo. "Basi narudi naye. Wewe nenda, shoga, uiangalie volkano kwa niaba yangu."

Nidia akaenda. Hasira ndiyo iliyompandisha, na ilimpandisha upesi kuliko kawaida. Kule juu mbingu ilikuwa safi, volkano ya Llaima imekaa peupe na moshi wake mwembamba. Aligeuka aseme, tazama. Hakukuwa na mtu. Alikaa muda ambao hata chai isingepoa, akashuka.

Alitarajia kuwakuta kwenye jiko wamejinyoosha. Akawakuta bado njiani. Theluji ilikuwa imelainika kwa jua, na kila hatua mguu wa Rosana usio na kiatu cha theluji ulizama mpaka pajani. Edelmira alikuwa amemshika kwapani, wote wawili jasho linawatiririka. Rosana hakuwa na kisa cha kusimulia tena. Midomo ilikuwa imempauka.

Nidia aliishiwa nguvu za hasira palepale. Akapiga magoti, akafungua begi, akautoa mkanda.

"Umeupata wapi huo?" Edelmira aliuliza.

"Nilikuwa nao."

"Tangu tulipokuwa juu?"

"Tangu nyumbani."

Edelmira alikaa kwenye theluji. "Mwanamke mzima, Nidia."

"Ndiyo, mzima. Mzima wa kuwekwa nyuma na fimbo. Yanet ana mimba, nilikuja nikwambie, nikakuta unacheka habari za viti."

"Yanet ana mimba?" Edelmira akasahau kugomba. "Miezi mingapi?"

"Minne."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi?"

Rosana aliinua mguu ili Nidia aukaze mkanda. "Wanafunzi wamenichukia miaka thelathini," alisema kwa sauti ndogo. "Ila wao hawakunizamisha. Kaza zaidi hapo kisiginoni, tafadhali."

Nidia akakaza. "Unisamehe, Mwalimu."

"Nitakusamehe nikipata joto."

Walishuka polepole mpaka garini. Edelmira alimkumbatia Nidia alipomshusha nyumbani kwake, kumbatio fupi, na Jumapili iliyofuata hakupiga simu.

Aliyepiga ni Rosana, akitaka kujua mikanda mizuri inauzwa wapi. Nidia alikwenda naye dukani. Walijaribu ya ngozi, wakajaribu ya plastiki, na Rosana akamsimulia mwenye duka habari za mkaguzi. Mara hii Nidia alicheka, kwa kuwa kweli ilichekesha. Kisha akajikuta anakodolea macho dirisha la duka, akitamani sana Edelmira apite barabarani wakati huo, awaone wawili wao wanavyocheka.