Dawa ya Namba Saba

Jumanne saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Karupaiya alikuwa wa tatu kwenye benchi la chumba cha mazoezi ya viungo, hospitali ya wilaya, chupa ya chai ameibana katikati ya magoti. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka tangu kituo cha basi. Aliukalia, lakini mkono wenye Parkinson hata ukiukalia hautulii. Ulilitikisa benchi zima, na wale wawili waliomtangulia wakatikisika nalo, ingawa walikuwa na mitetemo yao wenyewe ya kutosha.

Muuguzi, misi Dilrukshi, alikuwa msichana wa Kisinhala mwenye Kitamil cha kuokoteza. Alimwita ndani, akamkalisha, akafungua fomu.

"Dawa unatumia tangu lini, mzee?"

"Dawa?" Karupaiya alifikiri vizuri, maana fomu ya serikali haitaki mchezo. "Miaka ishirini na sita."

"Kwa siku mara ngapi?"

"Mara kumi na mbili. Mvua zikikolea, hata kumi na tano."

"Imekuletea madhara yoyote?"

"Kucha zilitoka. Damu puani. Mengine, misi, hata marehemu mke wangu sikumwambia."

Misi aliandika yote kwa mwandiko safi. Katika Kitamil, kama katika lugha nyingine za watu wanaolima, dawa ya kumponya mtu na dawa ya kuua magugu ni neno lile lile, na fomu haikuuliza ni ipi.

Kisha akamweleza tiba yenyewe. Ilikuwa miwani mikubwa, mizito, ya kufunika nusu ya uso. Ukiivaa unaona mahali pa zamani, unakumbuka, moyo unatulia, na moyo ukitulia viungo navyo hutulia. Mahali palikuwa patatu: sherehe ya hekaluni, kituo cha treni, na mlima wa chai. Picha zilipigwa na vijana kutoka Colombo, na kwenye ile ya chai wachumaji wote walikuwa wanacheka. Karupaiya alichagua chai, kwa kuwa hekaluni alikwenda mwaka mara moja na treni hakuipenda.

Alipovishwa, hakumkuta mtu anayecheka. Alijikuta kwenye shamba lao la Strathdoon, kitalu Namba Saba, chini ya mti wa mgrevilea uliopigwa radi. Mwaka aliujua kwa ndala zake, maana zilikuwa mpya, na ndala mpya alipata mara moja tu, mwezi aliozaliwa mwanawe. Mgongoni alikuwa na bomba la dawa la lita kumi na sita. Mkono wake wa kulia ulishika mpini na haukutetemeka hata kidogo. Miguu yake, ambayo siku hizi hugoma kila kizingiti kama punda kwenye daraja, ilipanda mteremko bila kuombwa. Alifurahi. Akapiga dawa kutwa nzima, na dakika kumi na tano zilipokwisha misi akamvua miwani.

Alikuwa na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya ngumi mlikuwa na majani mawili ya chai na kichipukizi. Misi alileta fagio, kisha akaandika: *Mtetemo: hakuna. Mgonjwa amerudi na matope.* Halikuwa jambo geni kwake. Bibi aliyetangulia alikuwa ametoka kituoni na tiketi ya kwenda Talaimannar, ya kwenda tu bila kurudi, kwa treni ile iliyowapeleka ndugu zake kwenye meli ya India. Misi aliwaomba tu wagonjwa wavue viatu kabla.

Nyumbani, yaani chumba kimoja cha layini, safu ya vyumba vya wafanyakazi, alimozaliwa yeye na mwanawe, Karupaiya alimsimulia mwanawe. Thiyagu alikuwa amerudi kazini, ananawa mgongo. Bomba la dawa sasa alilibeba yeye, mwaka wa tisa huu. Vyumba vya layini ni vya shamba, na chumba kisichokuwa na mtu kwenye orodha ya kazi hurudishwa. Siku mkono wa baba ulipoacha kushika mpini, mtoto aliacha duka la simu mjini akaja kuushika.

"Kwa hiyo Appa umekwenda mpaka hospitali, basi mbili, kupiga dawa?" Thiyagu aliuliza. "Ungeniambia. Hapa hapa ningekuazima bomba."

"Cheka tu. Mkono ulitulia."

"Ulitulia kweli?"

"Kama mkono wa maiti."

Thiyagu aliacha kucheka. Usiku huo mzee alilala akiwaza jambo moja. Mkono ulikuwa umeliwa na dawa, na kule alikotoka na matope angeweza kutoipiga. Kama mkono ungepona, jina lake lingerudi kwenye orodha, hata kwa kazi ya kufagia kiwandani, na Thiyagu angelitua lile bomba na kurudi mjini kabla halijammaliza. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Jumanne iliyofuata, alipofika chini ya mgrevilea, hakwenda kwenye pipa la dawa. Alikwenda kwenye chemchemi, akajaza bomba maji matupu. Kangani, msimamizi wao, alikaa kivulini akitafuna tambuu na hakutazama rangi ya kinachotoka, maana kazi yake ilikuwa kuhesabu safari za bomba. Karupaiya alipiga maji safari kumi na mbili. Jumanne ya tatu akafanya vivyo hivyo, na ya nne.

Mkono ulianza kupoa hata bila miwani. Alinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, sukari ameiweka kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akanywa, na hakumwaga hata tone. Thiyagu alikaa mlangoni akimtazama baba yake anavyokunywa chai, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akauliza duka la simu kama bado lipo.

Jumatano ya wiki ya nne, nje ya miwani, Namba Saba ilionekana imeota magugu. Hayakuwa machanga. Yalikuwa ya miaka thelathini na mbili, yenye mashina ya unene wa paja, na ndani yake viota vilivyokwisha kulelewa ndege na kuachwa. Michai haikuonekana. Meneja wa shamba, dorai, alikuja na gari lake, akasimama barabarani, akawasha sigara. Karani alifunua daftari kubwa.

"Haikupigwa dawa," karani alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mtoto wa Karupaiya alipozaliwa."

"Basi waanze leo," dorai alisema. "Wapiga dawa wote, safari ishirini kwa siku, mpaka niione chai yangu." Akaondoka kwenda kunywa chai.

Kwa siku sita Thiyagu alirudi na mgongo wa bluu, rangi ya dawa. Bomba lake lilikuwa linavuja kwenye mshono, na glovu zilizoahidiwa zilikuwa bado zinaahidiwa. Siku ya sita alikaa kula, mkate wa nazi na sambali ya pilipili, na Karupaiya akaona kidole gumba cha mwanawe kinasugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayevingirisha kidonge kisichokuwepo.

Kidole kile alikijua. Chake kilianza hivyo hivyo.

"Thiyagu, mkono wako."

"Baridi, Appa."

"Baridi ya wapi? Mwezi huu hata mbuzi wanatafuta kivuli."

"Basi njaa. Niache nile."

"Liache hilo bomba, mwanangu. Kesho. Waambie umekataa."

Thiyagu aliuficha mkono chini ya paja. "Nikiliacha tutalala wapi? Ndani ya hiyo miwani yako?"

Karupaiya alirudisha mkate kwenye sahani. Alikuwa amejaribu kumtua mwanawe mzigo, naye amemwongezea safari nane.

Kesho yake, Jumanne, ndani ya miwani hakwenda kwenye chemchemi. Alikwenda kwenye pipa, akakoroga dawa kwa fimbo, akajaza bomba mpaka shingoni. Wasemao dawa ya moto ni moto hawakutaja ni nani anayeungua. Alipiga dawa kitalu chote, mstari kwa mstari, safari kumi na tano, upepo ukimrudishia usoni. Akarudia Jumanne ya pili na ya tatu, kwa siku zote ambazo alikuwa amepiga maji. Mwili uliokuwa mle ulikuwa wa kijana, na haukulalamika.

Namba Saba ikasafika. Siku moja asubuhi magugu hayakuwepo, wala visiki vyake, na dorai aliiona chai yake. Wapiga dawa walirudishwa kwenye safari zao kumi na mbili. Chini ya kumi na mbili hawakurudishwa. Kidole cha Thiyagu kiliendelea kusugua, ila sasa alikula kwa mkono wa kushoto ili baba asione, na baba alijifanya haoni.

Mkono wa Karupaiya ulitetemeka zaidi kuliko mwanzo. Chupa ya chai ilimshinda hata kwa magoti. Hata hivyo ndani ya miwani haukutetemeka, na misi aliandika kwamba mgonjwa anafurahia sana kumbukumbu za kazi na anastahili kuongezewa siku ya Ijumaa. Kwa siku mpya ilihitajika fomu mpya.

"Dawa bado unaendelea nayo, mzee?"

"Naendelea, misi."

"Miaka mingapi sasa?"

"Ishirini na sita, na hizi Jumanne."

Aliandika hivyo hivyo, *na hizi Jumanne*. Nyuma ya kiti cha mgonjwa palikuwa na alama ya bluu ukutani, ambayo fagio halikuitoa, na misi alikuwa ametundika kalenda juu yake.

"Andika na mwanangu," Karupaiya alisema. "Miaka tisa. Mara kumi na mbili kwa siku."

Misi aliitazama fomu juu mpaka chini, akaigeuza na nyuma.

"Fomu ni ya mtu mmoja, mzee."

"Haya," Karupaiya alisema. Akavua ndala, akainamisha kichwa avikwe miwani. "Kaza mkanda, misi. Leo nataka nipige na zamu ya mwanangu ya kesho."