Namba Thelathini na Moja

Mwalimu Octavian alipiga mstari mwekundu juu ya wimbo wangu, akanirudishia karatasi.

"Mama Doreen, huu utoe. Sauti yake ni ya palizi. Kanisani hatupalilii ufuta."

Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya liturujia, na bila muhuri wa kamati kitabu changu kisingeingia parokiani. Nyimbo zote nimetunga mwenyewe na kuzichapa mwenyewe kwenye steshenari yangu hapa Nachingwea, nikabana pini mpaka vidole vikauma. Lakini wimbo huo alioukata ndio uliokuwa roho ya kitabu. Sauti yake niliirithi kwa marehemu mama, aliyeiimba shambani Ruponda huku jirani yetu Mwanaima, Mwislamu wa swala tano, akimwitikia. Maneno ya kanisani niliyaweka mimi.

"Mwalimu," nikasema, "mama yangu alimwomba Mungu akiwa ameinama na jembe. Nimwambie alikosea?"

"Nimesema utoe."

Nilikasirika, sitaficha. Mtu kahamishiwa kwetu juzi, leo kashakuwa mwenye mji. Hata hivyo nilitii. Nikafuta maneno yote, nikaacha namba na ukurasa mweupe, na kamati ikagonga muhuri.

Hawakuuliza ninavyofanya kazi. Mimi sichapi wimbo ambao haujaimbwa. Kwanza naupeleka Ruponda kwa akina mama, wengi wao hawasomi. Ukiwakaa kichwani wanaondoka nao shambani, usipowakaa, nautupa. Huo walikuwa nao tangu masika.

Jumapili ya kuzindua kitabu, baada ya komunyo, Methodius, kiongozi wa kwaya, alinitazama. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Wimbo wa shukrani," akatangaza, "namba thelathini na moja."

Watu wakafungua, wakakuta weupe. Kisha kwenye mabenchi ya nyuma, walikokaa wanawake wa Ruponda, sauti moja ikaanza, nyingine zikaitikia. Nani huku hajapalilia ufuta? Kufika ubeti wa pili kanisa zima lilikuwa linaitikia. Nililia, tena bila aibu.

Nje, Mwalimu alinijia na kitabu mkononi. "Nilikwambia uutoe."

"Nimeutoa, Mwalimu. Fungua uone."

Akafungua, akageuza ukurasa, akarudi. "Sasa wameusoma wapi?"

Nikamwonyesha akina mama, wanashuka ngazi bado wanaimba. "Wale pale. Kawapige mstari."