Joto Lililompata Mama

...na linaanzia palepale, chini ya titi, kama mtu kaniwekea pasi kifuani, na mimi nimepiga magoti na pini sita mdomoni, siwezi kusema kitu, nabana midomo tu na kukunja pindo la gauni la huyu binti anayeolewa Jumamosi, satini nyeupe, tone moja la jasho likidondoka hapa ni doa, tulia, pumua kwa pua, nesi wa kliniki alisema pumua polepole, hesabu hadi tano... "Fundi, hapa nyuma si pamezidi kidogo?" ni shangazi yake binti, amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, natikisa kichwa, hapajazidi, kinachozidi ni hiki kinachopanda shingoni, kimefika masikioni sasa, na kahawa nimeacha, mwezi wa pili huu, mimi ambaye bila kahawa nilikuwa sitii uzi kwenye sindano, pilipili nimeacha, kila asubuhi vijiko viwili vya mbegu za kitani zilizosagwa, ndani ya uji, mume wangu ananitazama, anasema siku hizi unakula kama kuku, mke wangu, kesho utataga, nikacheka, nikamwambia ni za tumbo... maziwa ya soya nayo, yana ladha ya maji yaliyooshewa ukuta, nayanywa, na ule unga wa mizizi wa muuza dawa wa sokoni, mchungu mpaka macho yanatoa machozi, nesi alisema uache, hatujui una nini ndani na wewe una vidonge vya presha, nimeuacha, karibu nimeuacha, juzi nililamba kidogo tu... mara nane kwa siku zimekuwa tano, hiyo ni nafuu, nesi alisema ni umri, mama, hedhi inakoma, mwili unajipanga upya, chakula huwasaidia wengine na wengine wala, kisichokusaidia rudi tuzungumze, zipo dawa, kisha akashika kalamu akauliza, mama yako mzazi alianza akiwa na miaka mingapi, nikasema sijui. Na ninajua. Hamsini na moja, kama mimi, tena alianza hivihivi, anavua kitambaa cha kichwa katikati ya maongezi, anaacha chungu motoni anakwenda kusimama kwenye mvua na shumizi mchana kweupe, majirani wanachungulia, usiku halali, neno dogo analia, na baba mdogo akasema kichwa cha shemeji kimeruka, huyu atatuaibisha, akawekwa chumba cha pembeni, miezi minane, mpaka moyo wake ukachoka, ukasimama... na mimi tangu jasho la kwanza nikajua zamu yangu imefika, kikulacho ki nguoni mwako, nikisahau nilipoweka mkasi nasema ndio wazimu huo, nikimfokea mume wangu nasema ndio huo umeanza, zile mbegu sizili kwa ajili ya joto, nazila nisije kuwa kama mama... "Hilo dirisha tulifunge, fundi, vumbi litaingia kwenye gauni," shangazi ameshasimama, anavuta, kitasa kinalia, na ninamsikia mama, sauti yake ya kawaida kabisa, si ya mwendawazimu, mwanangu, nifungulie dirisha, ni hapa kifuani tu, kinapanda hadi masikioni kisha kinapita... nilikuwa na miaka ishirini, ufunguo nilikuwa nao mimi, nikamwambia tulia, mama, unaumwa, akasema siumwi, ni joto, linapita... na linapita, hili hapa linapita, mgongo umeshaanza kuwa baridi, blauzi imenigandia... alinieleza, kila kitu alinieleza, neno kwa neno kama nesi, mimi ndiye niliyekuwa nasikia wazimu... "Fundi, unatetemeka, una homa?" binti ameinamisha kichwa kunitazama, natoa pini mdomoni, moja moja, naziweka kiganjani, "Sina homa, mwanangu, simama wima pindo lisiende upande," naye anasimama wima, mtoto mwenye adabu, na ninachoma pini ya kwanza, na ya pili, kumbe wazimu haupo, siugui wazimu, ningepaswa kufurahi, ningepaswa kupiga magoti kwa shukrani na magoti nimeshapiga, lakini hofu haijaondoka, imegeuka tu upande wa pili ikanitazama, kwa sababu kile chumba kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao, na sisi kila jioni tulikaa pale baada ya chakula tukamjadili, baba mdogo, kaka, mimi, nani atambeba, aibu hii itaisha lini, bora Mungu amchukue, hilo nililisema mimi, wala hatukupunguza sauti, tulijua haelewi, na mama alikuwa na akili zake zote, miezi minane, alikuwa anatusikia.